Zamu ya Kumi na Nne

Tanga, Alhamisi, Agosti 2003.
Mwaka wa kumi na moja tangu niteremke kutoka Uru mara ya mwisho.

Mwanangu Manka,

Mambo ya safari mama yako ameshakwambia yote: pasi ikae mwilini, isikae mkobani, koti jeusi ulikunje ndani nje, na ukifika Nairobi usitoke stendi kabla hujampigia mjomba wako. Sina la kuongeza hapo. Nimekaa barazani, jua bado lipo, na nawasikia ninyi wawili chumbani mkibishana.

"Mama, hiyo blauzi imeshanyooka!"

"Imenyooka wapi, na hiyo kola kama sikio la mbuzi?"

Mimi nakuandikia jambo ambalo jana nilishindwa kulisema kwa mdomo, ingawa uliniuliza mara mbili.

Kwa majuma matatu tumekuwa tukikaa kwenye meza ya chakula kila nikitoka shuleni. Wewe mwombaji kazi, mimi msaili, na katikati yetu kile kijitabu alichokupa rafiki yako wa chuo, fotokopi ya fotokopi, pembeni herufi zimeliwa. Wanaziita kesi, kama za mahakamani. Tumefanya ya kiwanda cha biskuti, ya kampuni ya mabasi, ya sabuni isiyonunuliwa. Umekuwa mzuri kuliko nilivyotegemea, na nilitegemea mengi. Kisha jana tukafika kesi ya tisa, nami nikakusomea:

"Mteremko wa mlima. Mfereji mmoja unagawa maji kwa zamu za siku kumi na nne. Zamu kumi na tatu zina wenyewe. Siku ya kumi na nne maji hupelekwa kwenye kiwanja kisichokaliwa na mtu. Mavuno yanatakiwa yaongezeke. Shauri."

Ulichukua penseli ukachora mti wako wa maswali. Uliuliza kuhusu mvua, ukauliza kuhusu bei ya kahawa. Dakika tano hazikuisha, ukaniangalia huku unacheka.

"Baba, hii ni rahisi mpaka naogopa. Ondoa zamu ya kumi na nne. Mzunguko uwe wa siku kumi na tatu. Kila kaya inapata maji mapema zaidi, hakuna ujenzi, hakuna gharama."

Nikainuka, nikatoka nje. Ukanifuata mpaka kwenye mpapai.

"Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Sasa mbona umeondoka?"

Nikainama kuokota majani makavu ya mpapai. Ndipo ukasema kwa sauti ya chini, sijui kama ulitaka nisikie, "Kama ulivyoondoka kwa Babu."

Nimesikia, mwanangu. Nimesubiri miaka kumi na moja uliseme hilo, na nilikuwa nikiomba usiliseme. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulikuwa umeshika msalaba wa maua kwa mikono miwili, umesimama kwenye migomba pamoja na binamu zako, ukaniona natoka na mkoba wangu babu yako hajashushwa kaburini. Mimi, mtoto wa kwanza wa marehemu. Hujawahi kuniuliza sababu, na mimi nikachukulia kutouliza kwako kama zawadi. Leo nakujibu yote mawili, la jana na la miaka ile, maana ni jambo moja.

Unajua niliwahi kufanya kazi ya ushauri kwenye makampuni, kama hii unayoiomba. Ndiyo sababu ulinichagua niwe msaili wako. Hujui nilivyoipata wala ilivyokwisha.

Ilikuwa mwaka 1987. Milango ya biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa, sabuni na sukari zimerudi madukani, na pamoja nazo wageni wenye mabegi ya ngozi. Kampuni moja ya nje ilifungua ofisi Dar es Salaam, ikatafuta wenyeji wenye shahada. Mimi nilikuwa ofisi ya kilimo mjini Moshi, nimechoka kupiga mihuri. Vijitabu kama chako havikuwepo. Nilikuwa nimesikia tu kwamba wanakupa tatizo usilolijua na kutazama unavyofikiri, basi nikajifunza kwa kile nilichokiona. Jumamosi nilikwenda stendi ya Bomang'ombe, nikakisia ni mabasi mangapi yatapita mpaka jioni, kisha nikakaa kuyahesabu nione nimekosea kiasi gani. Wapiga debe wakadhani mimi ni mtu wa usalama, wakaninunulia chai. Nyumbani nilihesabu migomba ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, kwa kuhesabu safu mbili na kuzidisha. Babu yako akanikuta.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, baba. Najifunza."

"Ukimaliza kujifunza, ng'ombe hawajakatiwa majani."

Kwenye usaili waliniuliza mji wa Moshi una mapaa mangapi ya bati. Sijui kama nilipatia. Hata wao hawakujua. Walichotaka ni njia, nami niliwapa njia nzuri, hatua kwa hatua, mpaka yule aliyekuwa akinihoji akaacha kuandika akawa ananisikiliza tu. Nilitoka pale nikiwa mtu mwingine. Nilitembea mpaka posta nikiona kila kitu barabarani kinaweza kuingia kwenye karatasi moja: watu, miti, mvua, mashaka ya watu. Nakukumbusha furaha hiyo kwa sababu nimeiona usoni kwako, na siichukii. Ni furaha ya kweli. Ila ndani yake mna ubaridi fulani ambao sikuutambua mapema.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilinirudisha nyumbani, Uru. Wafadhili walitaka kujua namna ya kuongeza mavuno ya kahawa mlimani bila kujenga kitu kikubwa, na kampuni ikaanza na maji. Kati ya mifereji yote ya mteremko ule, uliochaguliwa uwe mfano ni mfongo wetu, ule uliochimbwa kwa mikono na wazee kutoka mtoni juu mpaka vihamba vya chini. Nilichaguliwa kwa sababu najua Kichagga. Mkuu wangu wa kazi alikuwa mama mmoja wa Ulaya, mtu mzima, makini, mwenye kusikiliza. Nasema hivyo ili usije ukatafuta mkosaji kwake.

Mzee wa mfongo wakati huo alikuwa Mzee Aloisi. Yeye ndiye aliyepanga nani apate maji siku gani. Nilifika kwake na ndoo ya kupimia na saa ya mbio za wanariadha, nikamwamkia kama tunavyowaamkia wazee.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba, mwana wa Efremu. Hiyo saa ni ya nini?"

"Ya kupima mwendo wa maji."

"Unayashindanisha? Yatakimbilia wapi, Dodoma?" Akacheka mpaka akakaa kwenye jiwe. Lakini akanitembeza mfongo wote, siku kumi na nne, zamu kwa zamu, na mlango wa maji wa kila kaya akanionyesha kwa fimbo.

Siku ya kumi na nne, Alhamisi, hakunitania. Unakijua kile kihamba kilichojaa migomba isiyopogolewa, juu ya njia ya chemchemi, ambacho Bibi aliwakataza kuingia. Watu hukiita Kwa Mwenyewe. Ndipo alipozikwa mtu aliyeuchimba mfongo, na hakuacha mtoto. Jina lake halitajwi. Huitwa Mwenyewe, basi. Zamu ya kwanza ilikuwa yake kabla hazijawapo nyingine, na alipokufa hakuna aliyeirithi. Alhamisi ya zamu yake, jua likichomoza, mzee wa mfongo hufungua mlango wa maji kuelekea mle, husema maneno mawili, "Mwenyewe, karibu," na huondoka bila kugeuka. Mpaka saa sita mchana hakuna anayechota mfongoni wala kufua. Wakristo wote wale, asubuhi wametoka misa, na hakuna anayechota. Nilikua nikilijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nikiwa mdogo, siku hiyo mama alikuwa akinifunga kitambaa cheupe mkononi ili nisisahau.

Asubuhi ile nilisimama na ndoo yangu nje ya masale, ile mimea ya mpakani yenye majani marefu, nikayaona maji yanaingia. Mfereji wenye maji una sauti, Manka. Unanong'ona kwenye mawe. Maji yalipovuka mpaka ule yalinyamaza. Yalikuwa yakienda, nayaona yakisukuma majani makavu, lakini hayakutoa sauti. Nikaandika kwenye daftari: lita kadhaa kwa dakika, mtumiaji hakuna.

Nilipokamilisha ramani, yule mama mkuu wangu akaweka kidole kwenye kile kiwanja.

"Kuna jambo lolote kuhusu mahali hapa ambalo hatulijui?"

Aliuliza. Nataka ulijue hilo kuliko mengine yote ya barua hii. Aliuliza vizuri, akasubiri, kalamu mkononi. Nami nilikuwa nimevaa tai, niko kwenye chumba cha hoteli mjini Moshi pamoja na wenzangu watatu waliosoma nje, na nikaona aibu. Nilijiona mtoto mwenye kitambaa mkononi. Nikasema, "Hakuna. Ni mazoea tu."

Akaandika. Ushauri wangu ulikuwa ule wako: ondoa zamu ya kumi na nne, mzunguko uwe wa siku kumi na tatu. Nilisifiwa kwa ufupi wake.

Kwenye mkutano wa mfongo Mzee Aloisi alinisikiliza mpaka mwisho. Watu walitaka maji. Mwaka ule mvua ilikuwa haba, na wanunuzi wapya wa kahawa walikuwa wanasubiriwa. Akaniuliza swali moja tu: "Na wewe unaona sawa?" Nikasema naona sawa. Akasema, "Wewe ni wa hapa. Ukisema sawa, ni sawa." Zamu ikaondolewa kwa neno langu. Mgeni angesema vile wangemcheka.

Miezi ya mwanzo maji yalienda vizuri. Kisha likaanza jambo la ng'ombe. Siku moja katika majuma mawili, ng'ombe wa zizini waliyanusa maji ya mfongo wakageuza vichwa. Mchana walikuwa wakinywa. Kwa kuwa zamu sasa zilikuwa kumi na tatu, siku hiyo ilimwangukia kila mara mtu mwingine, na kila mmoja alidhani ni ng'ombe wake ana ugonjwa. Mzee Aloisi peke yake ndiye aliyekuwa bado akihesabu kizamani, na yeye alijua ni siku gani. Kisha chemchemi ya chini, pale anapochota Bibi, ikaanza kupungua. Mwaka wa pili ikakauka. Wanawake wakawa wanapanda na madumu hadi mtoni juu.

Hapo nitakupa maelezo ya kitabuni, maana unayataka na nayafundisha: maji yanayomwagwa kwenye kihamba kile huzama ardhini na kutokea chini kwenye chemchemi. Ukiyakata juu, chini panakauka. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuuchora mchoro huo. Nilipougundua nilifurahi kama mtu aliyepata dawa. Lakini unaeleza nusu tu. Nusu ya pili nimeiona kwa macho yangu, na kitabu chake sijakipata.

Mwaka 1990 Mzee Aloisi aliniita. Nilijua anataka nini. Nilikata jani la isale, nikalifunga fundo kama tunavyofanya mtu anapoomba msamaha, maana anayelipokea hawezi kukataa kusamehe. Nikaja Alhamisi ya zamu, asubuhi. Alilipokea kwa mikono miwili.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini zamu haikuwa yangu. Ungempelekea mtoto wake, na hana mtoto."

"Nifanye nini, meku?"

"Tumrudishie maji. Tuone."

Tukasimama kwenye mlango wa Kwa Mwenyewe, yeye akaufungua. Maji yakaja kwenye mfereji mkavu, yakisukuma vumbi na majani mbele yake kama yanavyofanya. Yakafika pale niliposimama ukingoni, yakasimama.

Nisome vizuri. Mfereji unateremka. Hapakuwa na jiwe, hapakuwa na tawi. Maji yalifika sawa na viatu vyangu yakasimama, yakaanza kujaa nyuma, ukuta wa maji usio na kitu cha kuuzuia, kimo cha kiganja, kisha kimo cha viganja viwili. Na hayakutoa sauti.

"Toka ukingoni, mwanangu," Mzee Aloisi akasema polepole, kama unavyosema na mtu aliyekanyaga karibu na nyoka.

Nilirudi hatua nne. Maji yakasogea hatua nne, yakasimama.

"Zaidi."

Nikarudi mpaka njiani. Yakasogea mpaka mpakani. Nikageuka, nikaanza kuteremka, nikapita kwetu, nikapita kanisani, nikapita duka la mwisho, na kila nilipogeuka nilimwona yule mzee juu pale, mdogo, ameinua fimbo kuniambia bado. Nilipofika barabara kubwa ya kwenda mjini ndipo alipoishusha.

Zamu ilirudishwa. Hakuna aliyeita mkutano. Mzee Aloisi alihesabu tu kumi na nne na watu wakahesabu naye. Katika mvua zilizofuata, chemchemi ikafunguka. Niliacha kazi ya ushauri, nikaomba nafasi ya ualimu popote palipo mbali, nikapewa Tanga. Ulilia kwa sababu ya rafiki zako wa Moshi. Nilikwambia hewa ya bahari ni nzuri kwa kifua cha mama yako.

Sasa Babu. Alipofariki, 1992, nilijiambia kwamba niliona vibaya siku ile. Mtu mwenye hatia anaona mengi. Nilikuwa mtoto wa kwanza, ningeachaje kumzika baba? Tulifika jioni, unakumbuka, mkalala kwa shangazi. Asubuhi ya maziko watu walikuwa wamejaa hadi njiani, masufuria yako motoni, mapipa ya mbege, pombe ya ndizi, yamepangwa, na wanawake walikuwa wanapanda kutoka chemchemini na ndoo tupu.

Wa kwanza alisema labda jani limeziba. Wa pili alisema hakuna jani. Mfongo nao ulikuwa umesimama. Mzee Aloisi, amezeeka, alikuja akiongozwa na mjukuu, akaniangalia tu. Halafu Bibi akatoka jikoni. Mumewe yuko ndani kwenye jeneza, na yeye kashika ndoo. Akaja mpaka nilipo, karibu kabisa, ili watu wasisikie.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Watu wanataka kunywa."

"Mama, sijamzika baba."

"Yeye hana kiu. Nenda."

Nilichukua mkoba. Nilipita karibu na wewe. Nilitaka kukugusa kichwa, nikaogopa kwamba nikisimama sitaondoka tena. Shangazi yako aliniambia baadaye kwamba kabla padri hajamaliza sala ya kwanza maji yalikuwa yanatoka, na mengi. Ile chai uliyokunywa ukitoka makaburini, umekasirika, hutaki kusema na mtu, ilichemshwa na maji hayo. Nimeifikiria chai hiyo mara nyingi.

Kuna jambo jingine nililokudanganya. Ulipokuwa darasa la saba uliniuliza asubuhi moja, umeshika mswaki, "Baba, nani anamwagilia nyuma ya nyumba?" Nikakwambia ni bomba la jirani. Jirani hakuwa na bomba, Manka, na nyuma ya nyumba kuna ukuta na mchanga. Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa nikiisikia sauti hiyo tangu tuhamie hapa, kila baada ya majuma mawili, jua likichomoza: maji yanayonong'ona kwenye mawe, kisha yananyamaza ghafla, kama yamevuka mpaka. Mama yako haisikii. Nilifarijika kidogo ulipoisikia wewe, kisha nikaogopa, na kwa kuwa hukuuliza tena nikaona imepita. Leo asubuhi nimeisikia.

Basi rudi kwenye kesi ya tisa. Wewe uliona ukurasa wa mwombaji. Mimi nilikuwa na ukurasa wa msaili, wenye taarifa za kutolewa tu mwombaji akiuliza. Chini kabisa pameandikwa kwamba kiwanja kile kilichunguzwa, na mtaalamu mwenyeji alithibitisha kuwa ni mazoea tu. Mtaalamu mwenyeji ndiye mimi. Kazi yangu imepita mikono ya watu nisiowajua, ikavuliwa majina, ikawa zoezi, ikanirudia mezani kwangu kwa mkono wa mtoto wangu. Nilikaa na karatasi ile nikingoja uulize. Kama ungeuliza, "Kuna nini kwenye kile kiwanja?" ningelazimika kukusomea uongo wangu kwa sauti yangu. Hukuuliza, nikapumua, na papo hapo nikaona hofu kwa sababu nimepumua.

Na ile ramani. Nilipoichora 1988, mkono wangu wenyewe uliweka alama ndogo ndogo za masale kuzunguka kiwanja, majani marefu, kila moja na fundo. Nilizifuta kwa kifutio kabla sijaikabidhi, kwa aibu ileile. Mchoraji wa ofisini hakuziona kamwe. Fungua kijitabu ukurasa wa thelathini na moja, ilipo ramani hiyo, utazame vizuri. Nimezihesabu. Zimo kumi na nne.

Sikuandiki haya ili uikatae kazi. Nataka uipate. Nimekuona unavyofikiri, na ni vizuri watu kama wewe wakae kwenye vyumba vile. Chora mti wako, ongea kwa utulivu, usiharakishe hesabu; hilo unaliweza. Ila ukifika mahali ambapo karatasi inasema hapana mtu, uliza nani alisema hapana mtu. Watakuona unapoteza muda. Uliza tu. Na siku utakapokuwa umekaa na tai zao pande zote, mtu akaweka kidole kwenye ramani akakuuliza kama kuna jambo asilolijua, na wewe unalijua, liseme, hata kama linakufanya uonekane umetoka kijijini. Mimi nilikuwa na nafasi hiyo mara moja, na yule mama alisubiri. Bado naiona kalamu yake.

Kesho jioni utakuwa Uru, utalala kwa Bibi siku mbili kabla ya Nairobi. Juzi uliniambia, "Twende wote, Baba, mpaka kwa Bibi tu. Ameshazeeka, kila simu anakuuliza." Nilikwambia nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri.

Ukifika, usiende nyumbani moja kwa moja. Pitia chini, kwenye chemchemi. Weka mzigo, kinga mikono. Yatakuwa yanatoka, ya baridi, yana ladha ya mawe. Kunywa mpaka utosheke, kisha jaza ndoo ya Bibi umpelekee. Atajua nimekuandikia. Akiuliza nakuja lini, usimpe maneno ya kumtuliza, alishayasikia kwangu yote. Kaburi la Babu liko upande wa mashariki, chini ya mgomba wa tatu. Tia udongo konzi moja kwa niaba yangu, kwa mkono wa kulia.

Mama yako ananiita, anasema blauzi imeungua kola. Naona mmecheka wote wawili.

Mimi sitarudi Uru.

Baba yako